Mtu Asiye na Mahaba

  Msikilizaji, kama uko na watoto sebuleni usiwafukuze, maneno ya leo si ya kufichwa. Na kama umekaa peke yako, pengine leo nimekuja kwa ajili yako.

Kwetu Muhoroni matanga hayaishi bila swali. Mtu ameshazikwa, hema bado limesimama, sahani za wali na nyama zinazungushwa, vijana wanapakia viti vya kukodi kwenye pikapu. Hapo ndipo shangazi mmoja, aliyekuwa akilia kwa sauti saa mbili zilizopita, anapokugeukia na kukuuliza mbele ya watu: “Na wewe, utatuletea mtu lini?” Watu wanacheka. Nawe unacheka. Unasema, “Mungu akipenda, shangazi,” kisha unainamia sahani yako kama mtu anayetafuta mfupa.

Mimi niliulizwa swali hilo mara tatu tu kabla sijaoa. Ninaye rafiki anayeulizwa kwa mwaka wa ishirini sasa.

Tulisoma naye shule ya msingi. Baba zetu wote wawili walikuwa wakata miwa, wale wa kurudi nyumbani jioni weusi kwa masizi ya shamba lililochomwa. Leo yeye ni fundi wa trekta, zile zinazovuta trela hadi mzani wa kiwanda huku watoto wakizikimbiza kwa nyuma na kuchomoa mua mmojammoja. Amefika miaka 43. Hana mke, hana mpenzi, na hajawahi kumtafuta. Ameniruhusu nimzungumzie mradi nisimtaje jina, akaongeza kwamba nikimtaja nitafute fundi mwingine.

Jioni moja ya Februari tulikuwa kibandani, hatua chache kutoka reli. Alikuwa anatoa grisi vidoleni kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na mchanga laini, kidole kimoja baada ya kingine, bila haraka. Siku yenyewe ilikuwa ya Valentine, kwa hiyo redio ya mwenye kibanda ilikuwa inaimba mapenzi tangu asubuhi. Akaniuliza bila kuinua macho:

“Omera, ndugu yangu, usicheke. Hiyo kitu wanaimba, nyinyi huwa mnaiskia kweli?”

Nikamwuliza ni kitu gani.

“Hiyo ya kukosa usingizi juu ya mtu. Ya moyo kwenda mbio.” Akajimwagia maji mikononi. “Wangu huenda mbio nikisukuma baiskeli mlima wa Koru. Basi. Mimi miaka yote nilidhani watu hutia chumvi, vile wavuvi husema mbuta alikuwa mkubwa hivi.”

Sikucheka. Lakini nakiri sikuwa na jibu, na mtu anayelipwa kuzungumza redioni hapendi kukosa jibu. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma na kuuliza.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimenitangulia. Sisi tuna upendo, na tuna mapenzi, na tuna mahaba. Upendo unahubiriwa kanisani na msikitini. Ni wa mama kwa mwana, wa jirani kwa jirani. Mahaba ni neno la taarabu, la barua yenye manukato, la watu wawili. Hakuna anayesema ana mahaba na binamu yake, na akisema, ukoo mzima utaitwa kikao. Mwingereza ana neno moja tu analolitumia kwa mkewe, kwa mbwa wake na kwa timu yake ya mpira, halafu anashangaa akishindwa kueleza mambo. Kwa hiyo mtu kama rafiki yangu naweza kumweleza kwa sentensi moja ya Kiswahili ambayo bibi yangu angeielewa: ana upendo, hana mahaba.

Kitaalamu huitwa aromantiki. Ile a ya mwanzo ni ya kukanusha. Maana yake ni mtu ambaye hapati, au hupata kwa nadra sana, ule mvuto wa kutaka kuwa mchumba au mpenzi wa mtu. Wapo wasioupata kabisa maisha yao yote. Wapo wanaoupata mara moja, baada ya urafiki wa miaka mingi, na usirudi tena. Wapo pia wanaovutiwa kimwili kama watu wengine lakini hawana hamu ya kushikana mikono ufukweni Dunga jua likizama ziwani. Kinyume chao wako wanaopenda hadi kukonda, wanaandika mashairi, lakini tendo la ndoa lenyewe haliwaiti. Hao huitwa kwa jina jingine, aseksuali, na mwaka 2001 Mmarekani aitwaye David Jay aliwaanzishia mtandao wao ambamo msamiati mwingi wa mambo haya ulikulia. Wasio na mahaba wana wiki yao ya kujitambulisha kwa walimwengu, na wameiweka kwa makusudi mara tu baada ya Valentine. Naona ni kejeli nzuri. Na sisi ndio nchi inayovuna mawaridi Naivasha na kuyapeleka Ulaya kwa ndege ili watu wa huko waambiane wanapendana.

Sasa ngoja nitaje vitu ambavyo hali hii haihusiani navyo, maana nimevisikia vyote vikisemwa juu ya rafiki yangu, vingine mbele yangu.

Alisemwa kwamba ni chira, kwamba kuna mwiko ulivunjwa nyumbani kwao na yeye ndiye anayeulipia. Alisemwa kwamba kuna msichana alimwacha akiwa kijana, na moyo ukafungwa. Msichana huyo hayupo. Nilikuwepo ujana wote. Alipelekwa kwa mshauri mmoja akafungishwa siku tatu bila chakula, akaombewa, akarudi amepungua kilo na mahaba hayajaja. Hakuna orodha ya magonjwa duniani ambamo kukosa mahaba kumeandikwa. Wala si sawa na useja wa padri au mtawa, kwa sababu yule ameweka nadhiri ya kuacha kitu anachokijua. Huyu hana cha kuacha.

Na alisemwa pia kwamba ni shoga. Hilo ndilo lililosemwa zaidi. Vijana wa boda boda walimwimbia mwaka mzima alipokuwa akipita stendi. Neno lenyewe lina kisa chake: ukienda Mombasa mjini kale ukasikia mwanamke anamwita mwenzake “shoga yangu”, anamwita rafiki wa karibu, mtu wa kumwazima kanga na siri. Lilipofika huku bara likawa jiwe la kurusha.

Hapa ndipo msikilizaji mmoja ataniuliza: huyu asiyempenda yeyote amehesabiwaje pamoja na mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia? Ni swali zuri, na hata wenyewe hawajakubaliana. Rafiki yangu hajihesabu huko. “Mimi sina upande,” huniambia, “mimi ni fundi.” Na katika makundi hayo, asiye na mahaba huweza kujikuta mgeni pia, kwa sababu bango lao kubwa duniani kote linasema mapenzi ni mapenzi, na yeye ndiye mtu mmoja chumbani ambaye bango halimtaji. Lakini jiwe linalorushwa ni lile lile. Tumeweka mlango mmoja wa kuingilia utu uzima: mwanamume, mwanamke, uchumba, harusi, mtoto. Aliyebaki nje ya mlango anatazamwa kwa jicho moja, awe amebaki kwa sababu anampenda mtu wa jinsia yake, au amezaliwa huntha, mwenye maumbile yasiyo ya kike tu wala ya kiume tu, au hampendi mtu kwa namna hiyo kabisa. Kwa hiyo siwezi kumtetea yeye halafu nikawapita wale kimya, kana kwamba namwambia stendi nzima: muacheni huyu, mmekosea, mtupieni yule.

Twende kwa sheria, maana najua kuna mtu ameshashika simu.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyotungwa enzi za Mwingereza mwaka 1930, ina kifungu cha 162 kinachoadhibu kile inachokiita kujuana kimwili kinyume cha maumbile, kifungo hadi miaka 14. Kifungu cha 165 kinawahusu wanaume na matendo ya aibu baina yao, hadi miaka 5. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walikataa kuvifuta vifungu hivyo. Siku tatu kabla ya hukumu hiyo alikuwa amefariki Binyavanga Wainaina, mwandishi wetu, aliyekuwa ametangaza hadharani mwaka 2014 kwamba yeye ni shoga. Kwa hiyo sheria ipo, na sitamdanganya mtu.

Lakini isome tena. Sheria hiyo inaadhibu tendo. Hakuna kifungu nchini Kenya kinachomfanya mtu mhalifu kwa jinsi alivyo, kwa anayemwota usiku, wala kwa kutomwota yeyote. Na mahakama zetu, ukizifuata mwaka baada ya mwaka, zimekuwa zikichora mstari huo polepole. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani lirekebishe jina kwenye cheti cha Audrey Mbugua, mwanamke aliyezaliwa akihesabiwa mvulana. Machi 2018 Mahakama ya Rufani, ikiketi Mombasa, ilisema kumlazimisha mtu apimwe sehemu za siri kutafuta ushahidi wa ushoga ni kinyume cha Katiba. Sensa ya mwaka 2019 ikahesabu huntha kwa mara ya kwanza: watu 1,524. Na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, ikasema serikali ilikosea kulinyima usajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, kwa sababu haki ya kujumuika ni ya kila mtu. Hapo ng'ambo ya ziwa letu, mbunge wa mji wa Homa Bay, Peter Kaluma, aliomba uamuzi huo upitiwe upya. Septemba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikakataa. Baadaye watu walijaa barabarani miji kadhaa kuupinga. Hiyo nayo ni haki yao.

Kuna kifungu kingine ambacho wachungaji wetu wanakipenda sana, Ibara ya 45 ya Katiba. Wanakisoma kwa sauti pale panaposema mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, na wanakomea hapo. Sentensi haijaisha. Inaendelea kusema: kwa hiari ya wahusika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeongeza kwamba ndoa ambayo ridhaa ya mmoja haikutolewa kwa uhuru ni batili. Yaani ibara ile ile inayotumiwa kumfungia mlango shoga ndiyo inayompa rafiki yangu ruhusa ya kukaa nje ya mlango bila kusukumwa ndani.

Nilipofika hapo niliwaza juu ya wazee wetu, kwa sababu wengi huniambia mambo haya yameletwa na Wazungu.

Chukua mila ya Kijaluo. Kijana akikomaa hujengewa simba, nyumba yake upande wa lango la boma la baba. Akitaka boma lake mwenyewe, huenda alfajiri kulisimamisha, na huenda na jogoo, na shoka, na mtoto wake wa kwanza wa kiume, na mke. Bila mke hakuna safari hiyo. Rafiki yangu ana miaka 43 na bado yuko kwenye simba. Ameiezeka kwa mabati mapya, ameweka sola na tangi la maji, lakini kwa hesabu ya mila bado ni kijana wa baba yake. Kwenye kikao cha ukoo anaketi na walio nusu ya umri wake. Yeye ndiye aliyelipa bili ya hospitali ya baba, lakini kuhusu mahali pa kuchimba kaburi aliulizwa mdogo wake mwenye wake wawili.

Kwa hiyo sitadai mila ilikuwa na huruma kwake. Haikuwa. Lakini sikiliza upande wa pili: katika masharti yote hayo, hakuna lililouliza kama ana mahaba. Mila ilitaka mke, mtoto, ng'ombe na boma. Ter, kule kumrithi mjane, ilikuwa ni wajibu wa ndugu kwa ndugu aliyekufa. Hakuna aliyeuliza kama moyo unaenda mbio. Ndoa ya kukosa usingizi, yenye pete na keki na wimbo, ndiyo tuliyoipokea juzi.

Ukitaka ushahidi mkubwa zaidi, inua macho kutoka Muhoroni utazame ule ukuta wa milima ya Nandi. Kule juu, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume angeweza kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake. Aliitwa mume. Watoto wa yule mke wakawa wake, wakarithi ng'ombe na shamba la nyumba yake. Mtafiti Regine Oboler aliandika juu ya ndoa hizo mwaka 1980, na Wanandi walimweleza waziwazi kwamba baina ya wawili hao hakuna tendo la ndoa. Kwa hiyo asiwepo wa kunukuu redio hii kesho akisema nimewaita Wanandi wasagaji. Sikusema hivyo na si kweli. Nasema walikuwa na nyumba halali, yenye mahari na mashahidi, iliyosimama bila mahaba hata chembe. Mwaka 2011 kesi ya urithi wa nyumba ya aina hiyo ilifika Mahakama Kuu ya Mombasa. Mume, yaani mwanamke mkubwa, alikuwa amefariki, na jamaa zake walikuwa wanashindana na mke wake. Jaji Jackton Ojwang aliitambua ndoa hiyo kwa desturi ya Kinandi na akampa mke haki yake ya kurithi.

Mtu akiniambia nyumba bila mahaba ni jambo geni kwetu, namwomba apande matatu ya Kapsabet, kwa Wanandi.

Wiki jana niligusia mada hii kwa dakika mbili tu, na usiku ule ule ukaja ujumbe. Nausoma nikiwa nimeondoa kinachoweza kumtambulisha mwenyewe. “Mimi ni mama wa watoto watatu. Mume wangu ni mtu mzuri, hanipigi, hanywi. Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikijibu ‘nakupenda pia’ na sijui maana yake. Nilidhani nimeumbwa vibaya. Je, nimekuwa nikimdanganya?”

Dada, sikukujibu usiku ule kwa sababu sikutaka kujibu haraka. Hukuumbwa vibaya. Umemlinda mtu huyo, umemuuguza, umekaa naye mezani miaka kumi na mmoja. Kama huo si upendo basi neno hilo halina kazi. Kumwambia au kutomwambia ni lako wewe peke yako, na ukiamua kumwambia, usianze na yale usiyoyasikia. Anza na yale uliyoyafanya. Kuna nyumba nyingi Chemelil na Awasi zimesimama juu ya heshima na ada za shule, na hakuna anayeziita uongo.

Lakini najua si kila aliyebaki nje ya ule mlango yuko salama. Januari 2023 mwili wa Edwin Chiloba, kijana mbunifu wa mitindo na mtetezi wa haki za mashoga, ulikutwa ndani ya sanduku la chuma karibu na Eldoret. Desemba 2024 mtu aliyekuwa akiishi naye alihukumiwa kifungo cha miaka 50. Wiki ile mwili ulipopatikana nilikuwa kwenye matatu kutoka Ahero. Watu kumi na wanne ndani, na mazungumzo yote yalikuwa juu ya mavazi ya marehemu. Hakuna aliyeuliza nani amemuua. Nami sikuuliza. Nilishuka stendi ya Kisumu nikalipa nauli yangu nikaenda zangu, na jambo hilo halijaniacha.

Kwa hiyo nikizungumza juu ya msaada, naanza na usiri. Mtu akikueleza hali yake, amekupa kitu cha kushika, hajakupa habari ya kupeleka sokoni. Usimwambie mkeo. Usimwambie mchungaji “ili tumwombee”. Muhoroni ni mji mdogo. Jambo likitamkwa kwenye kinu cha kusaga asubuhi, saa sita limefika kiwandani.

Kwa anayetafuta wenzake, Kisumu iko mwendo wa matatu tu kutoka hapa. Kuna muungano uitwao NYARWEK unaounganisha makundi ya Nyanza, Bonde la Ufa na Magharibi, na ofisi yake iko Kisumu. Kitaifa upo muungano wa GALCK, tangu mwaka 2006, na lipo shirika lile la NGLHRC lililoshinda kesi Mahakama ya Juu, ambalo huwasaidia kisheria waliofukuzwa nyumba au kazi na waliopigwa. Mapema mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, vituo vingi vya afya vilivyowahudumia mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia nchini vilifunga milango au kupunguza wafanyakazi, kwa hiyo piga simu kwanza kabla hujatumia nauli. Aliyelemewa moyoni apige 1199, ni simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, na hakuna haja ya kutaja jina. Na aliyewahi kujaribu kujiua akaogopa hospitali kwa sababu ya polisi, ajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa hakipatani na Katiba.

Rafiki yangu hajaenda ofisi yoyote kati ya hizo. Nilimwuliza kwa nini. Alisema yeye shida yake si kukosa kundi. Anao wapwa wawili wa dada yake aliyefariki, mmoja yuko kidato cha tatu, mwingine anasomea umeme chuo cha ufundi, na ada zote zinatoka kwenye spana yake. Anaimba besi kwenye kwaya. Ana majirani wanaomwachia ufunguo wakisafiri. “Shida yangu,” alisema, “ni kwamba kila nikiingia mahali watu wanaona kiti kitupu kando yangu. Mimi sikioni.”

Niliyashika maneno hayo nikayapeleka kwa mtu mmoja, mzee wa ukoo wao. Sikumwambia siri ya mtu, nilimwuliza tu kama mtu asiye na mke anaweza kupewa neno kikaoni ikiwa ndiye anayewasomesha watoto wa ukoo. Mzee alinyamaza, akasokota tumbaku yake, akasema mila haijakataza kumsikiliza mtu. Kwenye kikao cha Agosti, cha mgogoro wa mpaka wa shamba, rafiki yangu alitolewa kwenye benchi la vijana. Aliwekwa karibu na meza, akaulizwa maoni yake, akayatoa. Hakuna aliyetangaza lolote. Hakuna bendera iliyopandishwa. Alihamishwa kiti tu.

Wasikilizaji, Desemba imefika. Kuanzia tarehe ishirini mabasi ya Nairobi yatawashusha watu wetu hapa stendi usiku na mchana, na mabegi, na mikate, na watoto waliolala mabegani. Kati yao atashuka mmoja peke yake, kama alivyoshuka mwaka jana na mwaka juzi. Mpokeeni begi. Mwulizeni barabara ilikuwaje na amekula nini njiani. Lile swali jingine, shangazi zangu, nawaomba mliache mwaka huu.